Mlango wa Jiko la Bhoke

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimewaficha watu wote wa nyumba hii jambo aliloniambia daktari Ijumaa iliyopita mjini Tarime. Nilimtuma binti yangu Elieth akaninunulie maji, mlango ukafungwa, daktari akasema, nami nikamwambia ahsante. Elieth aliporudi nilimwambia ni presha kidogo, nipunguze chumvi. Nitaliandika hapa kabla sijafa. Si leo. Leo nimekasirika mno.

Kisa ni hiki. Mwalimu wa historia pale sekondari, Madam Sharon, amewagawa kidato cha tatu katika vikundi. Kila kikundi kitengeneze filamu fupi ya historia ya hapa kwetu Itiryo. Wazo zuri! Mimi niliyefundisha historia maisha yangu yote kwa chaki na ramani ya Afrika ambayo panya walikula Madagaska, nalipongeza. Kikundi kimoja kimechagua kusimulia jinsi shule yetu ya msingi ilivyopata mabati mwaka 1974. Vizuri sana! Na msimulizi wao ni nani? Nyangwine!

Nyangwine! Jirani yangu, rika langu, mtu aliyeacha shule darasa la nne kwa sababu aliulizwa swali. Alichofanya mwaka ule ni kuswaga ng'ombe hadi mnadani. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wazee nikatoa hotuba mpaka wakakubali ng'ombe wauzwe. Kijiji kizima kinaijua hotuba hiyo. Nimewasimulia mwenyewe.

Lazima niwemo kwenye filamu. Marehemu mke wangu Tabitha aliacha picha moja ya pasipoti, na sauti yake haipo popote. Siku hizi nikiitafuta kichwani siipati vizuri. Sitaki kuondoka hivyo. Nataka vitukuu wanione nikisema, mikono ikienda huku na huku.

Mpango: nitawaambia wanafunzi kwamba ninakufa. Nani atamwacha msimulizi anayekufa akamfuate msimulizi mzima? Ugumu ni mmoja tu. Nimewahi kufa kabla. Mara ya kwanza ili nisiwe mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mara nyingine ili mwanangu Felix aje kutoka Mwanza. Alikuja na basi la kwanza, akanikuta nakula nyama choma. Tangu hapo nikisema naumwa, watu wa nyumba hii huuliza kuna nyama gani.

Jumanne, 9 Septemba

Nimekufa vizuri sana leo, ila si kwa muda mrefu.

Nilimwambia Elieth awaite wanafunzi. Akaniuliza, baba, safari hii unataka nini. Nikamwambia sitaki kitu, naaga. Akasema nikimaliza kuaga chai iko kwenye chupa.

Wakaja watatu. Mseti, mwenye simu ya kupigia picha. Olima, mwenye maikrofoni iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio. Na mwongozaji wao, msichana anaitwa Felista, amenyoa kichwa, amebeba vipande viwili vya boksi vilivyopakwa rangi ambavyo anavipiga paa! kabla ya kila kitu. Walinikuta nimejifunika blanketi hadi kidevuni, macho nusu. Nikasema kwa sauti nyembamba kwamba daktari ameshatamka, na kwamba historia ya mabati inaondoka na mimi. Olima akaanza kulia. Mseti akavua kofia. Felista akauliza kama hotuba ni ndefu.

Nilikuwa nimeshinda. Kabisa! Ndipo Felista, kwa adabu tu, akaniuliza mimi ni wa kizazi gani.

Sisi Wakurya vizazi vyetu vina majina, nayo huzunguka kama gurudumu. Jina la kizazi cha baba yako humrudia kitukuu wako. Majina hayo hayaangalii meno ya mtu. Nikataja langu. Akataja lake. Lake ni la kizazi cha baba zangu! Mtoto wa kidato cha tatu, soksi moja imeshuka, kumbe ni shangazi yangu.

Sasa mtu hamwamkii shangazi yake akiwa amelala. Sikuamua mimi. Miguu iliamka kabla ya akili. Nilijikuta nimesimama katikati ya chumba na blanketi mabegani, wima kabisa, nasema shikamoo shangazi. Akaitikia marahaba mwanangu bila hata kutabasamu, akamgeukia Mseti akamwambia mgonjwa anasimama mwenyewe, kwa hiyo tutampigia picha nje, kuna mwanga mzuri. Elieth alicheka mpaka akashikilia mlango.

Lakini watarudi! Shangazi amesema filamu ya historia haisimami kwa chanzo kimoja. Nilitaka kumwambia kwamba maneno hayo ni yangu. Mwalimu aliyemfundisha Sharon nilimfundisha mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nyangwine naye anakufa!

Habari nilizipata kwa Elieth, aliyezipata dukani. Nyangwine ametoa godoro nje, amelaza mwili karibu na njia ili kila apitaye aone. Nilichukua fimbo nikaenda kujihakikishia. Ni kweli. Amevaa sweta jua kali, amefunga kitambaa kichwani.

Nikampa pole. Akasema pole nijipe mwenyewe, yeye ameshajiandaa. Nikamwuliza anaumwa nini. Akataja kisukari, figo, macho, na kitu fulani mgongoni ambacho hospitali bado haijakipa jina. Nikamwambia daktari wangu ni wa Tarime mjini. Akasema wake ni wa Migori, ng'ambo ya mpaka, na amesomea Ulaya. Nikamwambia mimi Jumapili sifiki. Akasema yeye Jumamosi. Nikamwambia basi Ijumaa. Akauliza, Rubeni, yaani kesho? Na shati hilo bado hujalifua?

Wakati huo mkewe akaleta sahani ya viazi vitamu. Tukala kama watu waliotoka kulima. Tukakubaliana kwamba hakuna anayekufa mpaka viazi viishe. Akanipokonya cha mwisho.

Madam Sharon alipita akitoka shule. Alitusalimia kwa heshima, akatutazama, akatazama na sahani. Akasema wagonjwa wote wawili watapigwa picha kesho kwenye benchi moja, ili kazi ya wanafunzi isicheleweshwe na mazishi. Binti huyu wa Shirati ana akili nyingi kuliko inavyofaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya hotuba! Nilivaa suti niliyostaafia. Imekuwa kubwa, au mimi nimepungua. Nyangwine alikuja na kofia ya pama na usinga, kama chifu wa mahali pasipojulikana. Tukagombania upande wa kulia wa benchi. Felista akasema, mwanangu, sogea. Nikasogea. Nyangwine alinitazama mdomo wazi. Hajawahi kuniona nikitii mtu.

Hotuba. Nilisimama, nikanyoosha mkono, nikasema wazee wangu! Jogoo akawika. Felista akasema kata. Nikaanza tena. Bodaboda ikapita na mbuzi wawili wanaolia. Kata. Nikaanza tena. Kanisani kwaya ikafungua spika kwa mazoezi. Kata! Hotuba yenyewe ilikuwa haijafika kwenye aya ya pili.

Zamu ya Nyangwine ilipofika, dunia nzima ilinyamaza. Hata jogoo. Akasimulia jinsi alivyompeleka mnadani peke yake fahali mkali aliyeshinda wanaume wote wa kijiji. Fahali alikuwa mwekundu wakati wa kutoka zizini. Alipofika mtoni alikuwa mweusi. Nikamwuliza mbele ya kamera fahali alipakwa rangi wapi. Akaniuliza wale wazee walioisikiliza hotuba yangu asubuhi hadi jioni walikuwa wamefungwa kamba? Nikamwambia asiyejua kusoma hawezi kujua urefu wa hotuba. Akaniambia kusoma kwangu ndiko kulikoivimbisha. Vijana walicheka mpaka maikrofoni ya Olima ikazama kwenye kikombe changu cha chai.

Felista akasema hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Mtoto haelewi.

Mwishoni walinipa nafasi moja zaidi. Kwaya ilikuwa imechoka, jogoo amelala. Nikaitoa hotuba yote, tangu wazee wangu hadi Mungu ibariki Afrika. Sijawahi kuisema vizuri hivyo. Mwenyewe machozi yalinitoka. Nilipoketi, Mseti akaiangalia simu, akaitikisa, akasema, babu samahani, ilijaa mapema. Kilichoingia ni "wazee wangu" na kiatu changu cha kushoto.

Jumapili, 14 Septemba

Msiba mkubwa! Nimepata habari kanisani. Jana kikundi kilikwenda kwa Bibi Bhoke.

Bhoke amepita miaka tisini. Macho yamekwisha, miguu imekwisha. Mdomo mzima. Amewaambia watoto kwamba mwaka 1974 hakukuwa na hotuba wala fahali mkali. Wazee waligoma. Walisema ng'ombe ni wa mahari, si wa mabati, na watoto wakinyeshewa darasani watakauka wenyewe. Basi wanawake, Bhoke mbele na Tabitha wangu nyuma yake, wakazima mafiga. Nyumba zote. Hakuna ugali hadi mabati yapatikane. Na kesho yake tu, mwalimu mmoja kijana, jina lake Rubeni, alionekana kwenye mlango wa nyuma wa jiko la Bhoke, anaomba ukoko.

Nilijua atafika hapo siku moja. Kwa nini mwanamke huyu amepewa shikamoo zangu ndefu kuliko padri, miaka yote hii? Ilikuwa ni akiba!

Mpango. Baada ya ibada nikamwendea na kilo ya sukari na majani ya chai. Nikamwuliza afya. Nikamwuliza wajukuu. Kisha nikamwuliza, polepole, kama kwa umri wake hawezi kuwa amenichanganya na mtu mwingine, kwa mfano Nyangwine. Alipokea sukari, akaipima mkononi, akaweka chini ya kiti. Akasema ahsante mwalimu, hii imenisaidia sana, sasa nimekumbuka pia kwamba ulilia.

Jumanne, 16 Septemba

Wamekuja Felista na Madam Sharon. Waliketi kwa adabu mbaya, ile ya mtu anayejua kitu. Felista akasema wana wasimulizi watatu. Wa kwanza anasema hotuba, wa pili anasema fahali, wa tatu anasema mafiga. Kwa hiyo wamewatafuta wanawake wengine wawili wa wakati ule, wanaokaa mbali na Bhoke na mbali wao kwa wao. Wote wamesema mafiga. Mmoja amesema mafiga na ukoko.

Madam Sharon akaniuliza kwa upole, mwalimu, ungemwambia mwanafunzi afanye nini na msimulizi anayejisifu katika kila sentensi? Nikajibu, amshuku. Lilitoka lenyewe! Maisha yangu yote nimelisema darasani, likatoka kama kikohozi.

Ndipo Felista akainama mbele akasema, mwanangu, baada ya mlango wa Bhoke kulitokea nini? Nilitazama ukuta. Nilitazama paa. Mtu hamdanganyi shangazi yake. Hata mimi nina mpaka. Nikasema. Bhoke hakunipa kitu. Alisema niende kwa wazee nikawaonyeshe njaa ilivyo. Nikaenda nikasimama mbele yao. Hotuba nzima ilikuwa hii: Wazee, mimi nimeshindwa, toeni ng'ombe tule. Wakanicheka. Kisha wakatazamana, maana nao matumbo yalikuwa yanalia. Jioni ile ng'ombe wakatoka.

Felista akasema hotuba hiyo ni nzuri kuliko ile ndefu. Akasema itaingia. Akasema pia sehemu ya mlango itaigizwa, na wangependa niigize mwenyewe.

Nikakataa! Mimi mwenye diploma ya ualimu, niombe ukoko mbele ya kidato cha tatu? Nikawaambia heshima yangu haiuzwi. Wakasema hakuna shida, Mzee Nyangwine ameshakubali kuwa Rubeni.

Nyangwine awe mimi! Na meno yale! Vitukuu wangu wakue wakidhani nilikuwa na meno yale!

Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Nikauliza itakuwaje mtu wa miaka themanini na tatu aigize kijana wa thelathini na mbili. Felista akasema wataniwekea kofia.

Alhamisi, 18 Septemba

Jiko lenyewe lilikuwa lile lile la Bhoke, nyuma ya nyumba, moshi wake ule ule. Mwanafunzi mmoja, Happy, ndiye aliyekuwa Bhoke wa zamani, na kitambaa kichwani. Bhoke wa sasa aliwekwa kwenye kiti pembeni. Kazi yake ilikuwa kunyamaza. Haikuwezekana. Kila mara alimwambia Happy, mkali zaidi, mjukuu wangu, mimi nilikuwa mkali zaidi, huyu hakustahili huruma.

Mambo yalipangwa hivi: nabisha, Happy anafungua na bakuli la ugali wa ulezi mkononi, namwomba, yeye anakula mbele yangu, kisha anafunga mlango. Nikabisha. Akafungua. Ugali ulikuwa unatoa mvuke. Nikachukua tonge. Kata! Felista akasema, mwanangu, hiyo haikutokea katika historia. Tukarudia. Nikachukua tena. Ningekuwa na ujasiri huu mwaka 1974, shule ingekuwa ya nyasi mpaka leo. Ugali ukaisha, ukasongwa mwingine. Nyangwine, aliyekuja kutazama nikiaibika, akalalamika kwamba angejua kuna chakula angepigania nafasi yake.

Mara ya mwisho sikugusa kitu. Nilikuwa nimeshiba. Mlango ukafungwa mbele ya pua yangu, paa! Nikageuka, nikaenda hatua chache kama nilivyoelekezwa, nikashika ukuta. Hapo kifua kikabana. Kikabana kama mkono wa mtu. Nikateleza ukutani taratibu hadi chini, kofia ikaanguka.

Makofi! Uwanja mzima. Nyangwine alipiga kelele kwamba hatimaye nimejifunza uongo wa kitaalamu. Elieth akasema baba, sasa unazidisha. Nilitaka kuinama kuwashukuru, ila pumzi haikuwepo.

Felista peke yake hakupiga makofi. Akamwambia Mseti azime simu. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akaiokota kofia, akauliza kwa sauti ndogo, mwanangu, daktari alisema nini?

Ningekuwa naulizwa na mwanafunzi ningejibu presha. Nimewadanganya wanafunzi wengi na wamefaulu. Lakini aliyeuliza ni shangazi. Nikamwambia.

Hakulia. Alinivika kofia. Kisha akasimama akawatangazia wote kwamba mzee amevimbiwa ugali, kazi ya leo basi. Watu wakacheka wakaondoka. Ameniahidi kutomwambia mtu, kwa sharti kwamba nitamwambia Elieth mwenyewe. Nimekubali sharti. Sikusema lini.

Sasa tunaojua ni watatu. Nitaliandika hapa kesho.

Ijumaa, 19 Septemba

Sikuliandika. Nilikuwa na kazi.

Felista alikuja baada ya masomo, yeye na Happy, na simu ya Mseti iliyofutwa kila kitu, filamu ikiwa imeshahamishwa. Akasema picha za leo si za filamu, niseme ninachotaka, hakuna kata. Nikasema nitatoa hotuba. Akasema, mwanangu, isipokuwa hotuba.

Akaniuliza kuhusu Tabitha. Nikamwambia ukweli, kwamba sauti yake imenitoka. Akasema basi nisimkumbuke, nimwigize. Nimwigize akinigombeza.

Tabitha alinigombeza kwa viatu vyenye tope. Kila masika, kila siku. Nikakaa wima, nikaweka mkono kiunoni kama yeye, nikafungua mdomo, na ikaja! Kule kukokota mwanzoni, kule kupanda juu mwishoni, na kijicheko anachokimeza ili nisione kwamba hajakasirika. Sauti yake, kooni mwangu! Jikoni Elieth aliangusha kifuniko cha sufuria. Akaja akasimama mlangoni, unga mikononi, akasema huyo ni mama.

Jogoo akawika katikati. Hakuna aliyesema kata.

Elieth alikuwa mbele yangu kabisa, na nafasi ilikuwepo. Nikamwambia nataka chai.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimekuwa nyota!

Filamu imeonyeshwa mchana katika darasa la kidato cha tatu. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi na magunia ya mahindi, projekta iliazimwa parokiani. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya madawati kama kuku. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na suti. Nyangwine alikaa upande wa kulia. Nilimwachia, siku yangu haikuwa ya kugombania benchi.

Inaitwa Siku Mafiga Yalipozimwa. Imeanza na Bhoke akisimulia, uso wake umejaa ukuta mzima. Kisha benchi letu, fahali na rangi zake, kamba za wazee, maikrofoni ndani ya chai. Kicheko! Kisha safari ya mnadani. Hakuna mtu Itiryo nzima aliyekubali kuwaazima watoto fahali, kwa hiyo fahali wa Nyangwine ameigizwa na mbuzi aliyefungwa pembe za mti. Nyangwine alisimama kupinga. Akavutwa shati akaketi.

Ndipo nikaja mimi. Nabisha mlango. Walicheka nilipobisha. Walicheka nilipoutazama ugali. Bhoke, ambaye haoni, alicheka kuliko wote, akauliza jirani yake ameshalia? Nilipoteleza ukutani, darasa likanyamaza. Kisha picha ya wazee, tuliyoipiga Alhamisi kabla ya ile ya mlango, na mimi na kofia yangu nikisema, wazee, mimi nimeshindwa, toeni ng'ombe tule. Watu walipiga makofi mpaka gunia moja likaanguka dirishani na mwanga ukafuta kila kitu.

Mwishoni majina. Langu lilisomeka: Mwenye njaa, Mwalimu Rubeni. Nililisoma kwa sauti, wasiojua kusoma wasikose.

Madam Sharon ametangaza kwamba filamu itakwenda kwenye mashindano ya shule, ukumbini kule Nkende, mwezi ujao. Felista alikuja kuniamkia. Nikamwahi: shikamoo shangazi. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, aliniuliza kimyakimya kama nimeshamwambia Elieth. Nikamwonyesha jinsi watu walivyo wengi.

Felix alitumiwa kipande kwenye simu. Amepiga kutoka Mwanza. Ameuliza, baba, pale ukutani, unaumwa kweli? Nikamwambia aje tu, kuna nyama.

Jumapili, 21 Septemba

Nyangwine amekuja baada ya ibada. Amepona. Kisukari, figo, na kile kitu cha mgongoni, vyote vimeondoka siku moja. Nikamwambia na mimi nimepona. Tukapeana hongera.

Lakini mbuzi amemkaa rohoni. Na mimi, nikifikiri vizuri, hotuba. Usinielewe vibaya, filamu ni nzuri. Ila kwa mtaalamu wa historia ina kasoro. Inasikiliza mno wanawake. Tumejadili tangu chai hadi chakula cha mchana, tumekata shauri: tutatengeneza yetu, iliyo sahihi. Mjukuu wake ana simu yenye nafasi kubwa. Mimi nitatoa hotuba nzima bila kukatwa. Yeye ataswaga fahali halisi, mwekundu mwanzo mwisho. Bhoke atapelekewa kilo mbili za sukari ili asafiri kwenda kwa binti yake Kerende wiki hiyo. Felista haitwi. Shangazi akiwepo kazi haitaendelea.

Elieth alituletea uji, akauliza mbona wagonjwa wanapiga meza kwa mikono. Nikamwambia ule ugonjwa umekwisha, mwanangu, ilikuwa ni janja yangu tu. Akasema alijua tangu Jumanne ile. Akanishika bega, akaenda zake anaimba.

Kilichobaki kilikuwa tarehe. Nilitaka kesho. Nyangwine akasema hapana, sasa hivi ng'ombe wamekonda, mbavu zitaonekana kwenye kamera. Tusubiri mvua ziishe, majani yawepo, ngozi ing'ae. Ana akili kwenye mambo ya ng'ombe, siwezi kumnyima hilo. Tumekubaliana Januari. Tumepeana mikono, na nimeapa mbele ya Elieth kwamba sitachelewa hata siku moja.

Sasa lile la daktari. Alisema moyo wangu umechoka, hautafika Krismasi.